Mgeni wa nani? Adabu za kuingia delta ya Rufiji, tangu Rhapta mpaka Kibiti

Kuna jamaa yangu mmoja, tulisoma naye sekondari, siku hizi ana duka Kariakoo. Majuzi kaondoka kwenda Guangzhou kufuata mzigo, safari yake ya kwanza. Kabla hajapanda ndege alinionyesha kwenye simu maelekezo marefu aliyorushiwa na wenzake waliotangulia. Kadi yako ya biashara mpe Mchina kwa mikono miwili, na ya kwake ipokee hivyo hivyo, uisome kwanza ndipo uitie mfukoni. Vijiti vya kulia usivisimike wima katikati ya wali, vinafanana na ubani wa msibani. Usimpelekee mwenyeji wako zawadi ya saa, kwa sababu maneno ya kumpa mtu saa kwa Kichina yanasikika sawa na ya kumsindikiza mtu kaburini. Bei punguziwa, lakini usimuaibishe muuzaji mbele za wenzake. Na kadhalika na kadhalika.

Jamaa alikuwa amezikariri zote. Safi sana. Sasa kichekesho ni kwamba huyu huyu niliwahi kwenda naye msibani Kibiti. Tulipofika akashuka kwenye gari na miwani ya jua usoni, simu sikioni, akapita katikati ya wazee waliokaa kwenye mkeka kama anapita stendi ya Mbagala. Hakusema hata salaam aleikum. Mzee mmoja alimfuata kwa macho mpaka alipoingia ndani, kisha akamuuliza jirani yake taratibu, "Huyu mgeni wa nani?"

Nimecheka, lakini nisijifanye mtakatifu. Mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma nilishuka kwenye boti katika kijiji kimoja cha delta, kamera shingoni, nikaanza kuwapiga picha akina mama waliokuwa wakichambua dagaa ufukweni. Moja kwa moja. Sikubisha hodi kwa mtu. Hawakunifukuza, wala hawakugomba. Waligeuza migongo tu, wote, kama waliopeana ishara, na kazi ikaendelea. Nikabaki na picha kumi na saba za migongo. Baadaye kijana mmoja akaja kunichukua, akanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, na swali la kwanza likawa lile lile. Si "unaitwa nani" wala "unatoka wapi". Wewe mgeni wa nani?

Sikuwa na jibu. Sikuwa mgeni wa mtu yeyote. Swali hilo limenikaa kichwani kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma historia ya eneo lile naona si swali la kishamba hata kidogo. Ni swali la watu waliokwisha kupokea wageni kwa karibu miaka elfu mbili.

Elfu mbili sitanii. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki na kuishi Misri alitunga kitabu cha mwongozo kwa wenzake, kinachojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Jina lake hatulijui. Ni kitabu cha bandari: ukifika hapa utakuta nini, uuze nini, ununue nini, ujihadhari na nini. Kwa maneno mengine ni kama yale maelekezo ya jamaa yangu, tofauti ni simu na karatasi ya mafunjo. Bandari ya mwisho kabisa anayoitaja katika pwani yetu inaitwa Rhapta, jina linalotokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari. Mabibi na mabwana, hao ni babu zake mtepe.

Rhapta ilikuwa wapi? Wataalamu wanagombana mpaka leo. Wapo wanaosema Pangani, wapo wanaosema Dar es Salaam. Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni katika wale wanaoielekeza Rufiji. Katika miaka ya 1990 alichimba sehemu iitwayo Mkukutu, karibu na Kibiti, akaibua shanga za kioo alizozihusisha na biashara ya enzi za dola ya Rumi. Mimi si mwanaakiolojia, siwezi kuamua ugomvi wao. Ila nikipita Kibiti siku hizi na kuona watu wanavyopigania korosho na machungwa kwenye madirisha ya mabasi, huwa nafikiria kwamba biashara ya barabarani pale imeanza kitambo.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi yule Mgiriki asiye na jina anavyoeleza namna ya kuingia. Anasema biashara ya Rhapta ilishikwa na watu wa Muza, bandari ya Yemen, na kwamba manahodha na mawakala waliotumwa huku walikuwa watu wanaoijua pwani, wanaozungumza lugha ya wenyeji na kuoana nao. Halafu anataja bidhaa walizoleta: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Na sehemu nyingine, anasema, huleta pia mvinyo na ngano, si za kuuza, bali za kujenga urafiki na wenyeji. Pembe za ndovu zilifuata baadaye.

Umeona hapo? Jifunze lugha. Uwe na mtu wako, na ikibidi uwe mkwe. Usije mikono mitupu. Ukimpa mzee yeyote wa Nyamisati masharti hayo matatu leo atakwambia ndiyo, ni hayo hayo, kasoro mvinyo.

Kwa wasioijua delta niwape picha kidogo. Mto Rufiji ukikaribia bahari hutawanyika kama vidole vya mkono, na kila kidole kina jina: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mengineyo, ukitazamana na kisiwa cha Mafia. Katikati ya vidole hivyo kuna msitu wa mikoko wa karibu hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote unaoshikana pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Wanaoishi humo na pembeni yake ni Wanyagatwa, Wandengereko, Warufiji na wengine wengi waliofika kwa sababu zao. Wanalima mpunga, wanavua kamba, na wanalala kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakati wa kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Ratiba haipangwi na saa ya mkononi. Inapangwa na maji. Boti ikiambiwa itaondoka "maji yakijaa" usianze kumuuliza nahodha saa ngapi hasa. Utakuwa umemwambia kwamba hujui ulipo.

Kwa mamia ya miaka mgeni mkubwa wa delta alikuwa jahazi. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Oman, Uajemi na Kuwait, yakapakia boriti, yakarudi na kusi. Nchi zile hazina miti ya kujengea. Boriti za mikoko ndizo zilizoezeka nyumba za Muscat, Basra na Kuwait, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Fikiria hilo: mtu amelala Kuwait, na ukubwa wa chumba chake umeamuliwa na mti wa Salale.

Shahidi mmoja tunaye. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alifika Rufiji akiwa abiria kwenye jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Walikaa wiki kadhaa kwenye matope na mbu wakipakia boriti. Ukisoma kwa jicho la mtu wa huku unaona kitu ambacho Villiers hakukipa uzito sana: jahazi halikuingia msituni kwa nguvu zake lenyewe. Lilihitaji kibali cha serikali, likamhitaji mtu wa kulipitisha kwenye mikondo, likawahitaji wakataji wanaojua mkandaa na msinzi, boriti ipi na pau ipi. Nahodha anayerudi kila mwaka kwa watu wale wale hawezi kukosa adabu, labda awe hana akili. Njaa ya biashara inafundisha heshima kuliko madrasa... hilo ni langu, msimsingizie Villiers.

Baadaye pesa ya mafuta ikapeleka saruji na chuma Ghuba, na majahazi yakapungua.

Sasa tuje kwa wageni ambao hawakuuliza. Wajerumani walipoishika nchi waliona delta kama ghala la miti na bonde kama shamba la pamba. Watu wa bonde na wa milima ya Matumbi wakalazimishwa kulima pamba chini ya maakida. Jibu halikuja kwa barua ya malalamiko. Huko Ngarambe, mganga Kinjikitile Ngwale alianza kupokea watu kutoka kila upande waliofuata maji yake, na habari zikasambaa kwa kile walichokiita njwiywila, mnong'ono wa siri unaotoka sikio hadi sikio. Mjerumani alikuwa na simu za waya na makarani. Hakusikia kitu, au alisikia na kuona ni mambo ya waganga. Mwishoni mwa Julai 1905 wazee wa Nandete wakang'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini mnong'ono ulikuwa umekwisha fika mbali mpaka Ungoni.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu wengi tulifundishwa Maji Maji kama habari ya risasi na maji. Mimi naiona pia kama habari ya mawasiliano. Watu wale walikuwa na njia mbili za kuzungumza: moja ya mbele ya mgeni, yenye "ndiyo bwana" nyingi, na nyingine ya nyuma yake. Akina mama walionigeuzia migongo pale ufukweni walikuwa wananijibu kwa njia ya pili, na mimi kama Mjerumani sikuelewa mpaka nilipoziona picha.

Miaka tisa baadaye kuna mgeni mwingine alikuja kujificha. Manowari ya Kijerumani SMS Königsberg iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaingia mikondo ya Rufiji ikatulia upande wa Salale. Waingereza walikuwa na meli kubwa nje, lakini hawakuwa na ramani ya kueleweka ya mikondo ile. Wakamtafuta P. J. Pretorius, Kaburu mwindaji wa tembo aliyeijua Rufiji kwa miguu. Na Pretorius alifanya nini? Alitafuta wenyeji. Watu wa delta ndio waliomwonyesha meli ilipo na kumsaidia kujua mkondo upi una kina. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikapigwa na meli mbili fupi za mtoni, Severn na Mersey, na Wajerumani wakaimalizia wenyewe kwa baruti. Vitabu vimejaa majina ya makapteni. Majina ya waliopima kina cha maji usiku utayatafuta mpaka uchoke.

Baada ya uhuru wageni walikuwa ni serikali yetu wenyewe, na hapa maneno yanakuwa magumu kidogo. Mafuriko makubwa ya 1968 yalisomba mashamba bondeni, na Operesheni Rufiji ikawahamisha watu kutoka kwenye bonde lao kwenda kwenye vijiji vya juu, mbali na mashamba yao. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Shule, zahanati, maji. Lakini kwa mkulima wa Rufiji mafuriko si adui tu, ndiyo mbolea yake. Kumwambia aishi mlimani ni sawa na kumwambia mvuvi ahamie Dodoma. Wengi waliendelea kushuka bondeni na kujenga madungu yao, wakarudi kijijini siku ambazo kiongozi anapita. Njia mbili tena.

Halafu kamba. Wale walioanza kusoma magazeti miaka ya tisini watakumbuka. Mwaka 1997 serikali ilikubali mradi wa kampuni ya African Fishing Company, ya mwekezaji Reginald Nolan kutoka Ireland, wa kufuga kamba katika delta kwenye eneo la hekta 10,000 za mabwawa. Baraza la mazingira, NEMC, lilikuwa limeshauri vinginevyo. Hekta hizo hazikuwa pori la mtu asiyejulikana. Zilikuwa mashamba ya mpunga, njia za maji na mikoko ya watu wenye majina. Na si kweli kwamba wote walikataa, wapo waliouunga mkono mradi kwa kutaka ajira, na vijiji viligawanyika. Waliokataa walipata msaada wa wanasheria wa mazingira wa LEAT na waandishi wa JET, wakaenda mahakamani. Mradi haukujengwa.

Ukichambua ule mgogoro utaona hoja nyingi za kitaalamu, mikoko, samaki, chumvi kwenye udongo. Zote za kweli. Lakini chini yake kabisa naliona swali la yule mzee wa msibani. Mwekezaji alikuwa mgeni wa nani? Alikuwa mgeni wa Dar es Salaam. Karatasi zake zilipitia ofisi zote isipokuwa kwenye mkeka.

Haya, nimefika sehemu ambayo nilitaka kuikwepa.

Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji, na kabla hata haijazoeleka jina lake likawa jina la hofu. Tangu 2016 mpaka katikati ya 2017 watu zaidi ya thelathini waliuawa katika eneo la Mkuranga, Kibiti na Rufiji, wengi wao wenyeviti wa vijiji, watendaji na makada, pamoja na polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane walishambuliwa kwa risasi na kuuawa wakitoka lindoni katika eneo la Mkengeni. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea usiku. Watu wakakimbia nyumba zao, wengine wakapotea wasionekane tena, na familia zao zikabaki zikiuliza.

Tafakari maana yake kwa adabu za mahali kama pale. Kwa desturi, mgeni anapelekwa kwa mwenyekiti. Sasa mwenyekiti ndiye anayewindwa. Nani atakubali kuwa mwenyekiti? Nani atafungua mlango akisikia hodi saa mbili usiku? Hodi, neno la kwanza tunalomfundisha mtoto, likawa neno la kutisha. Niliyezungumza naye mwaka uliofuata, mama wa makamo anayeuza uji, aliniambia kwamba kipindi kile waliacha kuulizana hata habari za safari, maana ukijua mtu kaenda wapi unaweza kuulizwa na watu usiowajua. Unyamavu nao ukawa heshima.

Na katika eneo hilo alikuwepo mwandishi mwenzetu, Azory Gwanda, aliyeandikia Mwananchi na The Citizen. Aliandika juu ya mauaji hayo. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka Kibiti. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akatoa ufafanuzi kwamba alinukuliwa vibaya. Hakuna maelezo mengine yaliyofuata ya kumtosheleza mtu. Azory hakuwa kama mimi, mtu wa kushuka na kamera na kuondoka na boti ya jioni. Alikuwa anaishi pale, ana nyumba na shamba na familia. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumuuliza ni mgeni wa nani.

Ndiyo maana nikiona vijana wa mjini wanapanga safari ya delta wikiendi, kuona viboko na ndege na kupiga picha za mikoko, siwakatazi. Delta ni nzuri mno, na watu wake ni wakarimu kupita kiasi. Ila nawaambia machache, kwa kuwa hakuna wa kuwarushia maelekezo kwenye simu kama wale wa Guangzhou.

Basi linatoka Mbagala, unapita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu, unafika Bungu. Hapo unaweza kukata kushoto kwenda Nyamisati kwenye boti, au uendelee mpaka Kibiti mjini, kilomita kama 140 kutoka Dar. Kabla hujaondoka Dar tafuta mtu. Kila mtaa wa Mbagala na Temeke una mtu wa Rufiji. Muuza genge wako huenda ndiye. Muulize ana nani kijijini. Jina hilo moja ndilo pasipoti yako, ukifika unasema mimi mgeni wa fulani, na utaona uso wa mtu unavyofunguka.

Ukishuka, ofisi ya kijiji kwanza, hata kama unataka kuoga bahari tu. Salimia kila unayempita, na usikimbize salamu: shikamoo, habari za hapa, za nyumbani, za kazi, za tangu asubuhi. Wenzetu wa mjini tunadhani ni kupoteza muda. Kumbe wakati unajibu "nzuri" ya nne mwenyeji wako anakupima: huyu ana haraka gani? Ametulia? Anaficha nini? Waislamu ni wengi, kwa hiyo salaam aleikum hufungua milango mingi, na dada zangu kanga mbili kwenye begi hazina uzito. Viatu vua kabla ya mkeka. Toa na upokee kwa mkono wa kulia, na ukimpa mzee kitu, wa kushoto uushike chini ya kiwiko, ni binamu ya ile mikono miwili ya Wachina. Sukari kilo mbili na majani ya chai vinatosha. Usianze kugawa noti kama mgombea ubunge.

Na tafadhali, ule utani wa mjini kwamba Rufiji ni kwa wachawi, uache Mbagala. Nimemsikia mtu akiutoa mbele ya mzee aliyemkaribisha chakula. Mzee alicheka kwa adabu. Samaki wa pili hakuletwa.

Picha baadaye kabisa. Baada ya chai.

Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili kuzamisha nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, nilirudi. Safari hii nilikuwa na mtu wangu, mama yake mdogo rafiki yangu, na nilifika kwake kwanza nikiwa na kifurushi. Wageni walikuwa wengi siku zile, wa serikali, wa misaada, wa televisheni, kila mtu na boti yake. Mama mdogo alinitembeza mwenyewe mpaka ofisi ya kijiji, akanitambulisha kwa maneno mengi kuliko niliyostahili, akaondoka kwenda kuanika mpunga wake uliolowa.

Mwenyekiti akanisogezea kitabu cha wageni, daftari la kaunta lililovimba kwa maji, kurasa zimeshikana. Jina. Mahali utokako. Kazi. Madhumuni ya safari. Nilijaza haraka nguzo mbili za mwanzo. Kwenye ya tatu kalamu ilisimama. Nilifikiria kuandika "mfanyabiashara", si uongo sana, siku hizi nauza hata mayai. Mwenyekiti alikuwa ananitazama, hakusema kitu. Nikaandika "mwandishi wa habari".

Aligeuza daftari, akalisoma kwa sauti taratibu, neno kwa neno. Kisha akauliza, "Umesema wewe ni mgeni wa mama Fulani?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kaa. Chai inakuja."